Kaunta ya granaiti imeharibika? Tafuta chanzo kabla ya kushika dawa

Niliitwa Raskazone, wiki moja kabla ya harusi, nikaondoe "doa la mchuzi". Kaunta ilikuwa ya kijivu cheupe yenye vitone vyeusi, haijatimiza nusu mwaka tangu ifungwe. Kuzunguka sinki pamezuka kivuli cheusi, upana wa vidole viwili, kimefuata ukingo sawasawa kama kimepigwa rula. Binti wa kazi alikuwa amekwisha kusemwa vya kutosha. Nikapitisha kidole kwenye ule mstari wa silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia maungio, nikainama nikachungulia chini, kisha nikamwambia mwenye nyumba, "Mama, mchuzi haujui kuchora mstari. Huyu binti muache." Kivuli kilitoka kwenye silikoni yenyewe. Mafuta yaliyomo ndani yake yalikuwa yakinyonywa na jiwe, taratibu, siku baada ya siku.

Kesi za namna hiyo nimekutana nazo nyingi hapa Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Sahare. Anayelaumiwa ni mpishi, kumbe tatizo limepanda kutoka chini: saruji haikukauka, mchanga ulichotwa ufukweni, bomba linavuja chini kwa chini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nisafishe na nini?", jibu maswali mawili. Hilo ni jiwe gani? Na tatizo limeingilia juu au chini?

Je, ni granaiti kweli?

Kwetu neno marumaru linabeba mizigo miwili. Kuna marumaru za sakafuni, zile za udongo wa kuchomwa, na kuna marumaru jiwe, ambalo mafundi huliita mabo ili wasichanganyikiwe. Granaiti nayo kamusi inaiita itale, lakini ukienda dukani ukaomba itale utaangaliwa kama umetoka kwenye utenzi.

Tofauti si ya majina tu. Granaiti ni mwamba ulioyeyuka chini kabisa ardhini ukapoa polepole, ndiyo maana unaona punje zake kwa macho: kwazi, feldspa na maika. Yale majabali ya Mwanza, pamoja na Jiwe la Bismarck linalochomoza ziwani, ni granaiti. Marumaru jiwe asili yake ni chokaa iliyopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi, kwa hiyo ni ndugu wa mwamba wa Mapango ya Amboni. Na chokaa haiivi chungu kimoja na kitu chochote kichachu. Ndimu, siki, ukwaju, achari ya embe, hata juisi ya machungwa ya Muheza iliyomwagika ikasahauliwa, vyote vinaila.

Jipime mwenyewe. Chagua pembe isiyoonekana, nyuma ya jiko la gesi kwa mfano. Dondosha tone la ndimu, acha dakika tano, futa, kausha, kisha tazama kwa mwanga wa pembeni. Pakibaki alama iliyofubaa, jiwe lako ni marumaru au lina chokaa ndani, hata kama risiti imeandikwa granaiti. Kipimo cha pili ni ncha ya kisu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwazi ni 7, feldspa ni 6, chuma cha kisu cha kawaida ni kama 5.5, na madini ya marumaru ni 3 tu. Kisu kinakwaruza marumaru bila taabu. Kwenye granaiti kinaacha mstari wa kijivu wa chuma chake chenyewe, ukiufuta unaondoka.

Iko ya tatu, inayouzwa sana siku hizi: kwazi ya kiwandani. Hii ni punje za kwazi zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki. Madoadoa yake yamepangika mno, kila kipande kinafanana na mwenzake. Haihitaji kuzibwa vinyweleo, lakini sufuria ya moto inaichoma na kuacha alama ya manjano isiyotoka. Kama ndiyo unayo, sehemu za madoa ya mafuta na kuziba vinyweleo zilizoko hapa chini haziihusu.

Na ile nyeusi tii ambayo kila mtu anaitaka? Wanajiolojia wengi hawataikubali kuwa granaiti, maana mara nyingi ni gabro au dolerati, miamba ya jamii nyingine. Kwa mwenye nyumba hilo si neno, kwa kuwa ni ngumu na hainywi maji sana. Tatizo ni nyingine kuwa ya kijivu iliyotiwa rangi iwe nyeusi. Chovya kitambaa cheupe kwenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue mahali pa siri. Kitambaa kikitoka cheusi, umeuziwa rangi. Kufubaa kwake utakuona karibu na sinki kwanza.

Doa la waja leo waondoka leo

Msemo wa mji wetu unalifaa doa hili. Umemwaga maji, jiwe limekuwa jeusi, na baada ya saa moja au mbili limerudi rangi yake. Hapo hakuna kilichoharibika. Jiwe limekunywa maji kisha likayatoa. Ni dalili tu kwamba dawa ya kuziba vinyweleo, ile mafundi wanayoiita sila, imekwisha au haikupakwa kabisa. Mimina kijiko kimoja cha maji mahali pakavu ukae dakika kumi na tano. Yakibaki yamejikusanya kama umande kwenye jani la mgomba na chini yake hapajabadilika rangi, sila bado ipo. Pakiwa peusi, andaa siku ya kupaka. Jinsi ya kupaka iko mwishoni.

Wakati wa masika hewa yetu imejaa unyevu, na jiwe linachelewa kukauka. Usilihukumu kwa kipimo cha Januari.

Doa la maji lisiloondoka kabisa, hasa likiwa nyuma ya bomba au kwenye maungio, ni habari nyingine. Hapo maji yanaingia kila siku. Usiku, watu wakishalala, kausha eneo lote, kisha zungushia karatasi ya chooni kavu kwenye shina la bomba na nyingine chini ya sinki kwenye viungio vya mabomba. Asubuhi karatasi itakuambia. Iliyolowa chini inaonyesha kiungio kinavuja. Zote zikiwa kavu na jiwe bado ni jeusi, basi maji yanapenya mchana kupitia ufa wa silikoni ukutani mnapoosha vyombo, yanakaa kwenye saruji ya chini, na jiwe linayanyonya kwa tumbo. Toa silikoni yote ya zamani, acha pakauke siku kadhaa, ziba upya. Kupaka silikoni juu ya silikoni ni kujidanganya, haishiki.

Doa jeusi lisilokauka: mafuta

Mafuta hayaondoki kwa jua wala kwa subira. Jikoni kwetu yako ya kila aina: mafuta ya nazi, tui lililofurika, mafuta ya kukaangia samaki, samli ya mkate wa kumimina. Doa lake katikati ni zito na kingo zake zimefifia. Likiwa karibu na jiko au mahali chupa ya mafuta inapokaa, limetoka juu. Likiwa limefuata mstari wa sinki, maungio au ukuta, limetoka chini au pembeni, na mtuhumiwa wa kwanza ni silikoni.

Dawa ni bandiko. Fikiria bandiko la jipu: halioshi, linavuta. Sabuni inasafisha uso wa jiwe tu, na mafuta yamo ndani. Kwa hiyo unahitaji kitu cha kuyayeyusha mafuta na unga mkavu wa kuyanyonya yakishayeyuka. Mimi natumia poda ya watoto au unga wa ngano uliochanganywa na asetoni mpaka uwe mzito kama siagi ya karanga. Osha doa kwa sabuni ya maji ya vyombo, kausha, kisha bandika unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja, ukipita ukingo wa doa kwa vidole viwili kila upande. Funika kwa nailoni, ubandike kingo zake kwa utepe wa gundi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo nanunua nailoni ya kufunikia madaftari, nayo inafanya kazi vizuri kuliko mfuko.

Acha saa 24. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, ondoa nailoni tu na uliache bandiko lenyewe likauke kabisa mahali pake, hata kama ni siku nyingine nzima. Kule kukauka ndiko kunakovuta mafuta yapande. Ukilikwangua likiwa bichi, umefanya nusu ya kazi. Likishakuwa gumu na kupasuka, kwangua kwa kipande cha plastiki, osha, tazama. Doa la muda mrefu hudai kurudiwa mara tatu, nne, hata tano. Kama kila mara linapungua kidogo, endelea.

Asetoni inashika moto upesi kuliko unavyodhania, karibu kama petroli ya pikipiki. Zima gesi, toa jiko la mkaa nje, fungua madirisha, na mtu yeyote asiwashe kiberiti. Usiifikishe kwenye gundi ya maungio wala kwenye sinki la plastiki. Asiyetaka asetoni atumie bekingi soda na maji pamoja na matone machache ya sabuni ya vyombo. Ni polepole zaidi, lakini kwa doa jipya inatosha.

Doa la silikoni ndilo gumu kuliko yote. Lazima silikoni yenyewe itoke kwanza, yote, hadi mabaki yaliyojificha chini ya ukingo, ndipo ubandike. Pale Raskazone nilibandika mara nne, kivuli kikapungua mpaka wageni wa harusi wasingekiona, ila mwenyewe anakijua kilipo mpaka leo. Sikumwahidi zaidi ya hapo. Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Fundi anapofungua silikoni, inuse. Ikinukia siki, ni ile inayotoa asidi inapokauka, ya vioo na vigae. Ya mawe haina harufu ya siki, na kwenye kopo imeandikwa kwamba inafaa kwa mawe ya asili. Inagharimu zaidi. Linganisha na bei ya kubadilisha ubao mzima.

Doa lenye rangi

Bizari ya manjano, chai ya rangi, kahawa, hina iliyomwagika usiku wa kuamkia harusi. Haya yanataka kitu cha kufuta rangi, si cha kuyeyusha mafuta. Changanya unga uleule na haidrojeni peroksaidi, ile ya kuoshea vidonda inayouzwa duka la dawa, ubandike kama nilivyoeleza. Kwenye jiwe jeusi jaribu kwanza pembeni, maana inaweza kupausha.

Manjano ina udhaifu wake: rangi yake haivumilii jua. Doa lililo karibu na dirisha la mashariki lioshe kwa sabuni, ulipe siku mbili tatu za jua kabla ya kutumia pesa.

Jiki usiikimbilie. Ikitumika mara kwa mara inakula sila, na ikichanganywa na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Nimewahi kuingia jikoni ambako vitu hivyo viwili vilikuwa vimechanganywa kwenye ndoo moja "viongezeane nguvu". Nilitoka nikikohoa, na doa lilikuwa palepale.

Doa la rangi ya kutu

Tazama umbo lake. Likiwa duara, kopo limekaa hapo likiwa na maji chini yake: la maziwa, la dawa ya mbu, lolote lenye kitako cha bati. Kwa hewa ya chumvi tuliyo nayo, usiku mmoja unatosha. Likiwa vitone vidogovidogo vilivyotapakaa, fikiria waya wa chuma wa kusugulia masufuria. Vipande vyake vinang'ang'ania jiwe na kuota kutu. Hayo mawili yametoka juu.

Likiwa mawingu ya manjano yanayotambaa kwenye granaiti nyeupe, hasa karibu na maji, chuma kimo ndani ya jiwe. Granaiti nyingi nyeupe zina madini yenye chuma, na yakipata maji na hewa yanaota kutu kama msumari. Mara nyingi kuna mtu aliyeharakisha mambo kwa kutumia dawa ya kusafishia choo. Dawa nyingi za aina hiyo zina asidi ya haidrokloriki, nayo hukitoa chuma ndani ya punje na kukitandaza. Siku moja mteja alinionyesha chupa kwa fahari, akaniambia doa lilipauka mara moja. Lilipauka kweli. Wiki mbili baadaye likarudi likiwa pana maradufu.

Dawa za kutoa kutu kwenye nguo au vyuma ni mbaya zaidi, kwa sababu baadhi zina asidi ya haidrofloriki, asidi ambayo inayeyusha kwazi yenyewe na inapenya ngozi mpaka mfupani. Hii haina nafasi jikoni. Tafuta dawa ya kutu iliyoandikwa kwa mawe na isiyo na asidi. Usipoipata, kausha chanzo cha maji, paka sila, ukubali kwamba jiwe lako lina manjano kidogo.

Unga mweupe na gamba jeupe

Hivi ni vitu viwili, na kuvichanganya kunapoteza mwezi mzima.

Unga mwepesi kama ukungu wa pamba, unaofutika kwa kidole kisha ukarudi baada ya siku chache kwenye kingo na maungio, ni chumvi. Imepanda kutoka kwenye saruji. Nyumba zetu nyingi hazina kabati za mbao chini ya kaunta. Fundi hujenga kuta fupi za tofali, anamwaga zege, na jiwe linalazwa juu ya udongo wa saruji na mchanga. Mchanga huo ukiwa umechotwa ufukweni, haukuoshwa, umejaa chumvi ya bahari. Maji yaliyomo kwenye udongo yanaibeba chumvi, yanapita kwenye vinyweleo vya jiwe, yanakauka juu na kuiacha. Saruji nayo ina chumvi zake, kwa hiyo hata mchanga wa mtoni unaweza kutoa unga kidogo miezi ya mwanzo, kisha ukakoma.

Tiba yake ni ukavu. Sugua kwa brashi kavu, ukusanye unga kwa kitambaa kikavu, usimwage maji, maana maji yanairudisha chumvi ndani ikajipange upya. Ziba kila mahali maji yanapoingia. Usipake sila wakati huu. Chumvi ikifungiwa ndani inakua chini ya uso na kubandua vijipande vya jiwe. Subiri mpaka iache kutoka. Kama mwaka umepita na bado inatoka kwa wingi, mchanga ndio wenye kosa na hakuna cha kupaka juu kitakachousaidia. Kinachobaki ni kulinyanyua jiwe na kulilaza upya. Najua hakuna anayependa kuambiwa hivyo. Ndiyo maana kabla jiwe halijalazwa ninapenda kuuliza lori la mchanga lilitoka wapi.

Gamba gumu jeupe kuzunguka shina la bomba, lisilofutika kwa kidole, ni chokaa ya maji. Maji ya bomba ya hapa mjini, yanayotoka Bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, hayana shida kubwa. Visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na chokaa ndivyo vinavyotoa maji magumu. Lilowanishe gamba kwa maji ya moto yenye sabuni, nusu saa, kisha laza wembe mpya karibu ubapa kabisa na ukwangue polepole. Granaiti ni ngumu kuliko wembe, haitaumia. Kwenye marumaru tumia plastiki tu. Ndimu ingelila gamba haraka, najua, lakini ingekula pia sila na punje yoyote ya chokaa iliyomo kwenye jiwe.

Kaunta imefubaa, haing'ai kama zamani

Anza na sababu iliyo rahisi kuliko zote: mabaki ya sabuni. Sabuni ya unga au ya kipande ikifutwa bila kusuuzwa huacha utando, mwingine juu yake, mwaka mzima. Futa eneo la sahani moja kwa kitambaa chenye spiriti. Likirudi kung'aa, kazi yako ni kusuuza kaunta yote kwa spiriti iliyoongezwa maji nusu kwa nusu, na tangu hapo kutumia matone machache tu ya sabuni ya vyombo kwenye maji ya vuguvugu.

Isipong'aa, jaribu asetoni mahali palepale. Ikifaulu, ule utando ulikuwa sila iliyokaukia juu. Hutokea sana kwenye jiwe jeusi, ambalo halikuhitaji sila tangu mwanzo. Ikishindikana nayo, uso wenyewe umeliwa: ama ni marumaru na ndimu imepita, ama mng'aro umesagwa kwa unga wa kusugulia na mchanga wa miguuni mwa vyombo. Uso ulioliwa haurudi kwa kupaka kitu. Wapo wanaopaka mafuta ya kula au dawa ya viatu, kaunta inang'aa mpaka Ijumaa, kisha inanata vumbi. Mng'aro wa granaiti unatokana na kusagwa kwa pedi za almasi, kuanzia za kukwaruza hadi namba 3000, kwa maji mengi. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine na uzoefu. Mahali padogo ukipasaga kwa mkono pataonekana kama kidonda kilichopona.

Ufa

Pitisha ukucha kukatiza mstari unaouona. Usiponasa, na mng'aro ukivuka mstari bila kukatika, ni mshipa wa asili wa jiwe, umekuwepo tangu machimboni. Ukucha ukinasa, au upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, huo ni ufa.

Nyufa nyingi zinaanzia kwenye pembe za tundu la sinki, pale ambapo mbele na nyuma kumebaki ukanda mwembamba wa jiwe. Jiwe la unene wa sentimita 2 lina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, la sentimita 3 linafika kama 80. Uzito wote huo, zege la chini likiwa na bonde kidogo, unaning'inia kwenye ukanda wa vidole vinne. Mtoto akipanda kufikia kabati la juu, basi. Baadhi ya mbao za jiwe zina nondo nyembamba iliyochomekwa chini kwenye ukanda huo ili kuupa nguvu. Kwenye unyevu na chumvi nondo inaota kutu, inavimba, na inalipasua jiwe lile lililokusudiwa kuokolewa. Ufa ulionyooka, sambamba na ukingo wa mbele wa sinki, wenye rangi ya kutu ndani yake, ni wa nondo.

Ufa wa aina hiyo ukijazwa gundi tu unarudi. Nondo itolewe kwa chini, mahali pajazwe epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya, na ukanda uwekewe tegemeo. Ufa wa kawaida usioendelea unajazwa epoksi iliyochanganywa vumbi la jiwe la rangi hiyohiyo. Kabla ya kujaza, chora alama ya kalamu mwisho wa ufa uandike tarehe. Ukivuka alama ndani ya mwezi, bado unatembea, na tatizo ni tegemeo.

Ubao uliojitokeza kama meza ya kulia nao usizidi sentimita 25 bila mkono wa chuma kama unene ni 3, na kama 15 kwa unene wa 2.

Na kinu, jamani. Kinu na mchi ni vya sakafuni, vimekuwa vya sakafuni tangu enzi za mabibi zetu. Granaiti haikwaruziki lakini inavunjika, na pigo la kutwanga kitunguu saumu linashuka moja kwa moja kwenye mshipa. Hali kadhalika jiko la mkaa. Granaiti inastahimili sufuria iliyotoka motoni, lakini jiko linalochoma mahali pamoja saa mbili huku pembeni kukiwa na barafu ya samaki linafanya upande mmoja utanuke na mwingine ukatae. Nililiona hilo Makorora, ufa wa mita nzima, na mlio wake ulisikika hadi barazani.

Tundu la sinki likihitaji kupanuliwa, fundi akate kwa maji, nje. Vumbi la granaiti lina silika, na la kwazi ya kiwandani lina silika nyingi zaidi. Inaingia kwenye mapafu haitoki. Australia ilipiga marufuku mbao za kwazi ya kiwandani tangu Julai 1, 2024, kwa sababu ya mafundi waliougua. Anayewasha grinda kavu jikoni kwako mzuie, hata kama ana haraka.

Kupaka sila

Madoa yote yametolewa, unga mweupe umekoma, maji hayavuji. Osha, kausha, acha usiku mzima na feni ikiwaka. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo, ni bora kuliko masika.

Paka kwa kitambaa safi, eneo la mita moja moja, jiwe lilowe sawasawa. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo, mara nyingi kati ya 5 na 15. Kisha futa yote iliyobaki juu. Sila inafanya kazi ndani ya jiwe, na ile inayokaukia nje ni utando tu utakaokusumbua. Ikikukaukia, paka sila mpya kidogo juu yake iyeyuke, ufute hapohapo. Jiwe jeupe lenye kunywa sana lipake mara ya pili baada ya saa moja. Usiweke chombo wala maji kwa saa 24, chai ya asubuhi ikaandaliwe barazani. Keshokutwa rudia kipimo cha kijiko cha maji, na baada ya hapo kipimo hicho kila miezi sita ndicho kitakachokuambia lini upake tena.